Tuuache Unyapara, Ndugu Zangu

Wakazi wenzangu wa Mabatini na Mwanza yote, naomba leo tukae kama watu wa nyumba moja, tuzungumze juu ya neno ambalo kila mmoja wetu ameshalitamka, na pengine ameshaambiwa. Neno hilo ni unyapara.

Tunalisikia kila siku. Abiria anamwambia konda aliyemsukumia kiti cha nyuma, "Acha unyapara." Saidia fundi analisema kwa sauti ya chini, msimamizi akishageuza mgongo. Mdogo wa nyumbani analitupa kwa kaka yake anayegawa kazi zote huku mwenyewe amejilaza kwenye kochi. Hakuna anayelipokea kwa furaha. Umewahi kukutana na mtu anayejisifu kuwa yeye ni nyapara?

Kabla hatujaambiana la kufanya, tumjue kwanza nyapara alikuwa nani. Neno hili halikutoka mbali. Ni la upande wetu huu.

Katika himaya za watemi wa Unyamwezi, nyampala alikuwa mtu mzima mwenye heshima, msaidizi wa mtemi, aliyesimama kati ya mtawala na watu wa kawaida. Huku Usukumani nako mtemi hakuamua peke yake. Walikuwapo banang'oma, wazee waliokuwa na kauli hata katika kumteua mtemi mwenyewe. Vijana nao walikuwa na nsumba ntale wao, mkuu wa vijana wa kijiji, waliyemchagua wenyewe ili awapange kwenye kazi za kulima kwa pamoja. Kazi hizo zilikwenda kwa ngoma na nyimbo. Ukifika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ukabahatika kukuta bugobogobo ikichezwa, utaona majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Mkubwa na mdogo wanaifuata ngoma ile ile.

Karne ya 19 ikaja na misafara ya pembe za ndovu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na Wasukuma pia walikuwamo. Walitembea kwa miguu kutoka bara mpaka Bagamoyo, kisha wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulifika kilo 30 na kitu. Mbele alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia. Wapagazi waligawanyika makundi makundi, na kila kundi lilikuwa na mkuu wake, mnyampara. Huyo ndiye babu wa nyapara wetu.

Alifanya nini? Aliangalia mizigo isipotee, ni kweli, na alihimiza mwendo. Lakini pia alikuwa msemaji wa wenzake. Posho ikipungua, yeye ndiye aliyekwenda kumkabili mwenye msafara. Na wapagazi wale hawakuwa watu wa kuburuzwa. Wakiona wameonewa walitua mizigo chini, wakagoma mpaka waelewane, au waliondoka usiku kimya kimya. Mnyampara aliyewapuuza watu wake angeweza kuamka asubuhi akakuta mizigo imelala pale pale, wa kuibeba hawapo.

Basi neno la heshima namna hiyo lilichachaje?

Jibu lipo kwenye mashamba ya walowezi. Chini ya Wajerumani, na baadaye Waingereza, vijana wengi wa kanda yetu walikwenda kufanya kazi kwenye mkonge, hasa Tanga. Wazee wetu waliita safari hiyo kwenda manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba. Mfanyakazi alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku iliyokubaliwa iliandikwa, na zikitimia 30 ndipo mtu alipwe. Hata neno kibarua lina historia ya namna hiyo. Lilikuwa barua ndogo, kikaratasi cha kuthibitisha kwamba fulani amefanya kazi ya siku, kabla halijawa jina la mtu mwenyewe na kazi yake.

Sasa hebu fikiria. Umeamka alfajiri, umekata mkonge, miiba imekuchoma, mizigo yako umeifunga. Anakuja nyapara. Akisema kazi haikutimia, siku yako haiandikwi. Jasho limetoka, siku haipo. Utamlalamikia nani? Nyapara huyu hamkumchagua ninyi. Amewekwa na mwenye shamba, analipwa na mwenye shamba, na anayeweza kumwondoa ni mwenye shamba peke yake. Akiwapendeza ninyi hapati kitu. Akimpendeza bwana wake, kazi yake iko salama.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, neno lilipoharibika. Sidhani kama wanyapara wa mkonge walizaliwa na roho mbaya kuliko wanyampara wa misafara. Wengi walikuwa watoto wa vijiji kama vyetu. Walikabidhiwa madaraka juu ya siku ya mtu mwingine, na mtu huyo hakupewa njia yoyote ya kuwahoji. Mpe hata mpole kabisa madaraka ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, utaona sauti yake inavyopanda. Magerezani nako mfungwa anayesimamia wenzake huitwa nyapara hadi leo, na kwa wengi wetu picha hiyo ndiyo inayokuja kwanza neno hili likitajwa.

Nayasema haya ili tusipoteze muda kutafuta wa kumnyooshea kidole. Unyapara unaweza kumwingia yeyote kati yetu, mimi na wewe tukiwamo, siku tukikabidhiwa daftari, ufunguo au mhuri. Je, wewe leo umeshika kipi kati ya hivyo? Na siku ya nani iko mikononi mwako?

Watu wa kanda hii wamewahi kukutana na jambo hili wakalitatua kwa akili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa wakilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Mkulima alifika na pamba yake, mnunuzi akaipima, akasoma mwenyewe, akaandika mwenyewe, akalipa. Mkulima alibaki kuamini tu. Wakulima wakaamua kuweka wapimaji wao wa kujitegemea, ili kila mtu ajue uzito wa pamba yake. Juhudi hizo, zikiongozwa na kijana Paul Bomani, zilikua zikawa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho kubwa la Victoria lenye makao yake hapa Mwanza.

Mizani ya pili! Hawakumpiga mtu wala kuchoma ghala. Waliongeza macho mengine kwenye mizani, na mnunuzi akajua kwamba akisoma vibaya yupo atakayemwambia. Napenda sana kisa hiki, na ninatamani watoto wetu wafundishwe shuleni kwa kirefu kuliko ilivyo sasa.

Baadaye taifa zima lililisema jambo hili la unyapara. Februari 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo wake, na kifungu cha 15 kikamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu kwa wale anaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kifungu hicho kwa kichwa. Katika miaka iliyofuata walikitaja tena na tena mbele ya mameneja waliowatukana au kuwadharau. Katiba yetu ya 1977 nayo, katika ibara ya 12, inatambua kwamba binadamu wote ni sawa, na kwamba kila mtu anastahili heshima ya utu wake. Maneno tunayo ya kutosha. Kazi imebaki kwetu wenyewe, huku mitaani.

Turudi Mabatini basi. Twende kwenye jengo lolote linalopanda juu ya mawe ya vilima vyetu hivi. Lori la mchanga haliwezi kufika juu, kwa hiyo mchanga, kokoto na maji hupandishwa kwa mabega na vichwa. Saidia fundi wamejipanga mstari mlimani, ndoo ya zege inapita mkono kwa mkono, na hakuna kusimama, maana zege halisubiri. Ni saa saba mchana, jua kali, na mawe yenyewe yanatoa joto. Kivulini amekaa msimamizi, daftari gotini, kalamu sikioni. Kijana mmoja anatua ndoo, anauliza kama wanaweza kunywa maji kwanza. Hajibiwi. Jioni watu wanapanga foleni ya kulipwa, na jina la kijana yule halisomwi. "Wewe leo ulikuwa muongeaji sana," anaambiwa.

Ndugu msomaji, hiki si kipande kile kile cha mkonge? Tofauti ni kwamba sasa kimeandikwa kwenye daftari la shule.

Ndugu msimamizi, najua kazi yako si nyepesi. Tajiri anapiga simu kila saa. Saruji ikipungua ni wewe, ukuta ukipinda ni wewe. Najua pia kwamba wengi wenu mlianza kwa kubeba ndoo hizo hizo. Kwa hiyo ninakuomba jambo ambalo halitakugharimu hata shilingi. Asubuhi soma majina kwa sauti, kila mtu asikie lake. Jioni yasome tena kabla hela haijatoka mfukoni. Kisha waruhusu vibarua wamchague mmoja wao, naye awe na daftari lake, mlinganishe. Hiyo ndiyo mizani ya pili ya pale kazini. Tajiri akija na maswali, utakuwa na shahidi. Unapoteza nini hapo?

Nawe saidia fundi, andika siku zako. Simu unayo. Kila jioni jitumie ujumbe: tarehe, kazi uliyofanya, kiasi mlichopatana. Zungumza na msimamizi wako kwa heshima na bila woga, mapema, kabla hasira haijajaa kifuani. Na siku utakayopewa wewe lile daftari, kwa maana siku hiyo itafika, wafanyie wenzako kama ulivyotamani kufanyiwa.

Huko ziwani mambo ni hayo hayo. Wavuvi wa dagaa wanarudi alfajiri wamechoka, macho mekundu kwa kukesha na taa, na mara nyingi hesabu ya ndoo inafanywa wakati wamekwenda kulala. Ndugu zangu wenye mitumbwi, subirini mtu mmoja wao awe macho mnapohesabu. Ni dakika chache tu.

Sasa nisogee ndani ya nyumba, maana huko ndiko tunakopenda kufunga mlango.

Nyumba nyingi za Mwanza zina dada wa kazi. Ametoka Sengerema, Magu au Ukerewe, na mara nyingi ni binti wa mtu tunayemfahamu. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho. Tunamwita mwanetu, na naamini wengi wetu tunamaanisha hivyo. Lakini mama, nikuulize kwa upendo: mwanao huyu anaijua tarehe ya mshahara wake? Ana siku yake ya kupumzika kwa wiki? Akitaka kumpigia mama yake mzazi, simu inakaa kwa nani? Akivunja sahani, anaelezwa, au anafokewa mtaa mzima ukisikia?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani. Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Kila wiki mfanyakazi apate saa 24 mfululizo za mapumziko, na likizo ya mwaka ni siku 28. Sisemi hivi kumtisha mtu. Nasema ili baba na mama wakae jioni moja na binti huyo, TV imezimwa, wapange pamoja ratiba inayowezekana. Mtashangaa ana mawazo kiasi gani juu ya uendeshaji wa nyumba ile, kwa sababu yeye ndiye anayeijua kuliko ninyi.

Kuna na suala la LUKU. Nyumba zetu nyingi za kupanga hapa Mabatini zina mita moja kwa vyumba vingi. Mwenye nyumba au mtu wake anachangisha hela, ananunua umeme, anagawa anavyoona. Mpangaji akiuliza kwa nini yeye mwenye taa mbili na redio anachangia sawa na mwenye friji na pasi, jibu huwa moja: "Ukiona huwezi, hama." Najua mwenye nyumba naye ana madeni yake, na kuna wapangaji wanaokimbia na kodi ya miezi. Hata hivyo neno hilo "hama" ni zito mno kwa mtu ambaye ameuliza swali tu. Anahamia wapi na watoto usiku?

Mzee wangu mwenye nyumba, fanya hivi. Ukinunua umeme, andika kiasi na tarehe kwenye karatasi, uibandike ukutani karibu na mita. Andika na nani amechanga ngapi. Kila anayepita ataona. Maneno ya koridoni yatapungua, na wewe mwenyewe utaheshimiwa zaidi kwa karatasi ile kuliko kwa ufunguo wa geti. Bomba la maji nalo liwe hivyo hivyo.

Wapo watakaoniambia, "Lakini bila ukali kazi haiendi." Nalijibu hili kwa uzito wake, kwa sababu wanaolisema ni watu wanaotaka kazi iende. Ukali wa kazi sina ugomvi nao. Fundi anayebomoa ukuta uliopinda ujengwe upya ni mkali, nasi tutamshukuru mvua zikinyesha na Mto Mirongo ukijaa. Mwalimu anayerudisha daftari lililochafuka ni mkali. Watu hawa wakiulizwa kosa liko wapi, wanaonyesha kwa kidole. Nyapara ukimuuliza kosa liko wapi, swali lenyewe ndilo linageuka kosa. Nadhani kila mmoja wetu anaweza kujipima hapo bila kuhitaji mtu wa kumpima.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Barabarani, mbele ya lori lisilo na breki, nakubaliana nao kabisa. Kazini na nyumbani naona tumempisha mwenye nguvu kwa muda mrefu hata yeye mwenyewe hajui tena kwamba anakanyaga watu. Anahitaji mtu wa kumwambia, kwa upole, "Kaka, hapa umenikanyaga." Wengi wakiambiwa hivyo wanasimama. Nimeona wengi wakisimama.

Na asiposimama? Mitaani tunao wenyeviti wetu, na tunao wazee. Tuanze huko. Mtu aliyefukuzwa kazi bila kusikilizwa anaweza kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na akumbuke kwamba kwa suala la kuachishwa kazi muda wa kulipeleka ni siku 30. Wengi wanakosa haki yao kwa kusubiri tu, wakidhani mambo yatapoa. Kama una jirani aliyekutwa na hayo, msindikize. Mwandikie kama hawezi kuandika.

Kwa ninyi mnaokaa nyuma ya madirisha ya ofisi na zahanati, nina ombi moja fupi. Mkimwambia mtu "njoo kesho," mwambieni na sababu. Anayetoka Mabatini amelipa nauli, na kama ni kibarua ameiacha siku yake ili afike kwenu.

Wazazi nao nisiwasahau. Mtoto anapouliza "kwa nini," tumjibu, hata kama jibu ni "kwa sababu hela haipo." Anajifunza pale mezani jinsi mtu mkubwa anavyopokea swali la mtu mdogo. Huyo huyo ndiye atakayeshika daftari la jengo, usukani wa daladala au ofisi ya mtaa miaka 20 ijayo, na atawajibu watu kama sisi tulivyokuwa tukimjibu.

Nawaomba wenyeviti wa mitaa, katika mkutano ujao wa wananchi, mtenge nafasi watu walizungumze jambo hili bila kutaja majina ya watu. Waulizwe tu: hapa kwetu, ni wapi ambapo mtu mmoja peke yake anasoma mizani? Nina hakika majibu yatakuwa mengi, na mengine yatatatuliwa pale pale kabla ya kikao kufungwa.

Na kwa sasa, bila kusubiri mkutano, Jumamosi hii wengi wetu tutalipa au tutalipwa ujira wa wiki. Anayelipa, kabla hajahesabu hela, amgeuzie daftari anayelipwa, na amsubiri mpaka amalize kusoma.